Daftari Jekundu

Nilianza tarehe tano Novemba, usiku wa fataki,
Preston nzima ikinuka baruti na soseji,
watoto wa jirani wakimchoma mtu wa majani makavu
aliyevaa, nikaona, sweta kama langu.
Nikafunga dirisha. Nikasema: Njoo, Roho Mtakatifu.
Njiti ya kiberiti ikakatika mara mbili.

Siku kumi na mbili za kuikung'uta dunia.
Nilidhani dunia ni viatu, ni simu,
ni ile tamthilia ya saa moja na nusu.
Nikaviacha. Sikuumia.
Siku ya tisa nikasinzia na tasbihi mkononi
katika basi la alfajiri, nikitoka zamu,
nikazindukia mwisho wa njia, dereva amesimama mbele yangu:
"Mama, tumefika."
Tumefika wapi?
Padre Rigby alicheka niliposema nianze upya.
"Endelea pale ulipoangukia," akasema,
"mbinguni hakuna mashine ya kugongea kadi."

Kisha juma la kujijua.
Hapo ndipo baridi ilipoanza.

Nina daftari. Jalada jekundu, kona zimeliwa.
Humo mna kila pauni niliyotuma Kilema tangu nije:
ada ya Eufrasia, muhula wa kwanza, wa pili, wa tatu.
Dawa ya baba. Jeneza la baba.
Mabati sitini, geji ishirini na nane,
ambayo Eufrasia aliyauza
akanitumia picha ya nyumba ya mtu mwingine.
Miaka miwili sijapokea simu yake.
Kila Jumapili napokea Komunyo
na daftari limo mkobani.

Nani alinifunza kuhesabu wema
kama mwenye duka ahesabuvyo madeni?

Juma la Mama nilikuwa zamu kwa Bi Winifred Threlfall,
miaka tisini na minne, kichwa kimeshahama nyumba.
Hamjui mwanawe, hatofautishi chai na supu.
Lakini nikimgeuza ubavu, nikinong'ona
Salamu Maria, umejaa neema,
midomo yake hufuata kwa Kiingereza chake,
hatua moja nyuma,
kama mtoto aliyeshika pindo la khanga sokoni.
Usiku ule akaniita mama.
Mimi, ambaye angeweza kunizaa mara mbili.
Nilikuwa na sabuni mikononi.
Nikaitika.

Siku ya thelathini na moja nikayapima maneno ya ahadi:
mwili wangu na roho yangu, mali ya ndani na ya nje
(hayo sawa, mali yenyewe blanketi na birika)
na thamani ya matendo yangu mema,
yajayo, yaliyopo, yaliyopita.
Nikarudi nyuma. Nikasoma tena.
Yaliyopita.
Mama, hata mabati?

Mabomba ya hita yakagugumia ukutani.
Hakunijibu. Si mtu wa kubishana;
naye aliwahi kuombwa, na zaidi ya hayo,
akauliza swali moja tu, kisha akakubali.

Ahadi uiandike kwa mkono wako, alisema Padre, utie sahihi.
Usiku wa tarehe saba sikuwa na karatasi.
Maduka yamefungwa, mvua inapiga kwa ubavu.
Ulibaki ukurasa mmoja mweupe, wa mwisho,
katika daftari jekundu.
Nikaandika humo.
Wino ukapenya upande wa pili,
ukaloanisha mabati, ukaloanisha jumla.

Sikulichoma. Ningependa kusema nililichoma.
Asubuhi, kwenye altare ya pembeni,
mbele ya Bikira aliyebanduka rangi puani,
tulikuwa saba, mmoja Mpolandi mwenye kikohozi.
Nikasoma kwa Kiswahili, sauti ikakwama penye jina langu:
Restituta.
Miaka arobaini na sita naitwa Aliyerudishwa
na sijawahi kuuliza nirudishwe wapi.

Kituoni, simu ikatetemeka mfukoni. Eufrasia.
Glavu ilikuwa imebana, vidole vina ganzi,
ikaita, ikaita, ikakatika.
Basi likaja, milango ikafunguka, dereva akanitazama.
Nikaliacha lipite.